Sura ya Tano: Herufi Nene za Kisiwa cha Karafuu

Meli inapokaribia gati la Mkoani, kisiwani Pemba, jina lake ndilo linalofika mwanzo. Limeandikwa ubavuni kwa herufi ambazo mtu aliyesimama pwani huzisoma kabla hajatambua sura ya abiria hata mmoja. Limerudiwa nyuma ya meli pamoja na bandari ya usajili, na limerudiwa tena kwenye kila boya la kuokolea. Mlango wa shehena ukifunguliwa, maandishi mengine humiminika: magunia ya mchele, mifuko ya saruji, maboksi ya sabuni, mapipa ya mafuta, masanduku yenye mshale wa kuonyesha upande wa juu. Wachukuzi hupita na mizigo begani, makarani huitambua kwa jicho la haraka na kutia alama kwenye daftari. Hakuna anayesimama kusoma, kwa kuwa maandishi yenyewe yametengenezwa kwa ajili ya mtu asiye na nafasi ya kusimama.

Sura zilizotangulia zilihusu herufi zinazoishi kwenye kurasa. Hii inahusu herufi za kazi: nene, zisizo na urembo, ama pana ama zilizobanwa, zinazotiwa kwa brashi, kwa kopo la kupulizia au kwa moto wa kuchomelea, juu ya chuma, mbao, juti na ukuta. Wabunifu wa Ulaya na Marekani huziita herufi za kiviwanda, na huziuza kama fonti za mabango, fulana, pakiti za kahawa na majina ya filamu. Pemba hazikuja kama mtindo. Zilikuja na mizigo, na zimebaki kwa sababu mizigo, vyombo na magari bado vinazihitaji. Anayetaka kujua kwa nini herufi ya aina hii ina umbo ililonalo anaweza kuanzia hapa, maana hapa kila umbo huonekana likiwa kazini.

Unene ulioandikwa kwenye sheria

Tuanze na chuma. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unaitaka kila meli kubwa ya safari za kimataifa ibebe nambari ya utambulisho ya tarakimu saba, ikitanguliwa na herufi IMO. Tangu Julai 2004 nambari hiyo lazima ionekane kwa nje, kwa herufi zenye kimo kisichopungua milimita 200, na kwa rangi inayopingana na ya nyuma yake. Meli za abiria zinatakiwa kuiandika pia juu ya eneo la bapa linaloonekana kutoka angani. Rangi peke yake haitoshi: herufi zitunishwe kwa kuchomelea, zichongwe, au zigongwe kwa ncha ya chuma. Meli hubadilishwa jina kila inapouzwa, lakini nambari hiyo haibadiliki mpaka chombo kivunjwe.

Karibu na mstari wa maji pana maandishi mengine ambayo abiria wengi huyapita bila kuyatazama. Ni duara lililokatwa na mstari mlalo, na pembeni yake ngazi ya mistari mifupi yenye herufi moja moja: T, S, W, F. Hiyo ni alama ya shehena, inayohusishwa na Samuel Plimsoll, mbunge wa Uingereza aliyepigania sheria ya mwaka 1876 dhidi ya meli zilizojazwa kupita kiasi. S ni kina kinachoruhusiwa majira ya kiangazi, W ni cha majira ya baridi, T ni cha maji ya kitropiki, F ni cha maji baridi yasiyo na chumvi. Mkataba wa mwaka 1966 umepima kila kitu: duara lina kipenyo cha milimita 300, mstari unaolikata una urefu wa milimita 450, na mistari yote ina unene wa milimita 25. Herufi za taasisi iliyopima chombo zina kimo cha milimita 115 na upana wa milimita 75. Pengine hakuna kitabu cha uchapaji kinachotoa amri ngumu kiasi hicho. Mbunifu wa fonti huchagua unene kwa jicho lake. Hapa unene ni sheria.

Hata hivyo, herufi haina mkono wa kumzuia mtu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imebeba watu wengi mno kuliko ilivyoruhusiwa. Zaidi ya watu 200 walithibitishwa kufa, na wengine wengi zaidi hawakuonekana tena. Karibu kila kijiji cha Pemba kilipoteza mtu au kilijua aliyepoteza. Alama za usalama zinaweza kuwa nene na kusomeka vizuri, lakini lazima awepo mtu bandarini mwenye mamlaka ya kuzisoma na kusema chombo hakiondoki.

Muongo mmoja, vitu viwili

Asili ya herufi hizi ni London ya mwanzoni mwa karne ya 19. Hadi wakati huo wachongaji wa herufi za chapa walikuwa wakiwatengenezea wachapaji wa vitabu, na walizipamba ncha kwa vijimkia vyembamba vinavyolisaidia jicho kufuata mstari mrefu. Bahati nasibu, maduka na kampuni za usafiri zilipoanza kugombania kuta za mji, herufi za kitabu zilionekana zimekonda. Viwanda vya herufi vikashindana kuzinenepesha. Mnamo mwaka 1816 William Caslon wa Nne alitoa herufi kubwa za chapa zilizokatwa vijimkia vyote, zikabaki fito tupu. Huo ndio mfano wa kwanza unaojulikana wa herufi za chapa za Kilatini za namna hiyo. Mwaka 1827 huko New York, Darius Wells alipata njia ya kuchonga herufi za mbao kwa mashine. Kuanzia hapo herufi ya kimo cha mkono iliweza kuchapwa bila kubeba kilo nyingi za risasi.

Muongo uleule wa Caslon ndio ambao, kwa mujibu wa wanahistoria wengi, mikarafuu ilianza kupandwa Unguja. Vitu hivyo viwili havikujuana, lakini vilikuwa vinaelekea mahali pamoja: gatini. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba imesimama, na tangu hapo Pemba ndiyo inayotoa karafuu nyingi za Zanzibar. Karafuu huchumwa kwa mkono, huchambuliwa kutenganishwa na makonyo, huanikwa juani kwa siku kadhaa juu ya majamvi, kisha hutiwa guniani. Gunia likishonwa mdomo, halina tofauti na lingine. Kinachobaki kulitofautisha ni kile kilichoandikwa ubavuni mwake: mali ya nani, daraja gani, uzito gani, linakwenda wapi.

Mwaka 1937 maandishi ya namna hiyo yalipanda daraja. Kampuni mbili za Marekani zilitoa, kwa tofauti ya kama mwezi mmoja, fonti mbili zilizoitwa jina moja, Stencil. Moja ilibuniwa na Gerry Powell kwa American Type Founders, nyingine na R. Hunter Middleton kwa Ludlow. Zote ziliiga herufi zilizokwisha kuonekana miaka mingi kwenye masanduku na mapipa, zenye mwanya katikati ya miguu yake. Sasa mchapaji wa tangazo la sinema angeweza kununua sura ya bandari bila kwenda bandarini. Zanzibar, mwaka huohuo, bandari yenyewe ilikuwa katika mgogoro: wafanyabiashara wa Kihindi walisusia karafuu kupinga sheria iliyokipa Chama cha Wakulima wa Karafuu mamlaka ya pekee ya kununua karafuu za kusafirishwa. Chama cha Congress huko India kiliunga mkono mgomo huo, na mwafaka ulipatikana mwaka uliofuata.

Tundu na kishikizo

Ile mianya ya fonti za mwaka 1937 huonekana kama urembo. Sababu yake ni ya kiufundi kabisa.

Stensili ni bati jembamba, plastiki au karatasi ngumu iliyokatwa umbo la herufi. Huwekwa juu ya gunia, rangi ikapita kwenye uwazi. Herufi kama K au Z haina shida, kwani hukatwa kipande kimoja. Lakini O ikikatwa nzima, sehemu ya katikati huanguka, na badala ya O hubaki doa la mviringo. Hivyo mkataji huacha vishikizo viwili vinavyoishikilia sehemu ya ndani isidondoke, na vishikizo hivyo ndivyo vinavyoonekana guniani kama mianya. A, B, D, O, P, Q na R zote zina tundu, na B ina mawili. Zilizobaki katika herufi kubwa hazina.

Kwa kipimo hicho, vifupisho vinavyotawala maisha ya Pemba vina bahati ya ajabu. ZSTC, shirika la biashara la taifa lililoundwa mwaka 1968 na ambalo kwa miongo limekuwa mnunuzi pekee halali wa karafuu, halina tundu hata moja. SMZ, herufi za Serikali ya Mapinduzi zinazoanza nambari za magari yake, hazina. KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, hakina. Wala vikosi vingine viwili, JKU na KVZ. Vyote hivyo vinaweza kukatwa kwa kisu na kupuliziwa rangi bila kishikizo, na vikatoka safi. Majina ya wilaya nne nayo yamegawanyika kwa namna ya kuchekesha. Mkoa wa Kaskazini Pemba una WETE na MICHEWENI, ambayo hayana tundu. Mkoa wa Kusini una CHAKE CHAKE na MKOANI, ambayo kila moja lina mawili. Na neno PEMBA lenyewe ni taabu tupu: herufi tano, matundu manne.

Bidhaa yenyewe ni ngumu zaidi kukata kuliko jina la mnunuzi wake. KARAFUU ina matundu matatu, na DARAJA, neno ambalo bei ya mkulima huning'inia juu yake, lina matano katika herufi sita. Ni J peke yake iliyo wazi.

Unene nao una sababu yake. Juti imefumwa kwa nyuzi nene zenye nafasi kati yake, na mstari mwembamba wa rangi hupotea katika nafasi hizo. Fundi hutumia brashi fupi ya nywele ngumu, hatelezi nayo bali huidunda wima, rangi ikiwa nzito, ili isipenye chini ya stensili. Hata hivyo itatambaa kidogo kufuata uzi. Ufito mnene huvumilia kutambaa huko. Mwembamba huvimba ukawa doa. Kwenye pipa la chuma, kama yale yanayofaa kwa mafuta ya makonyo yanayotengenezwa katika kiwanda cha Wawi, tatizo hugeuka: chuma hakinywi rangi, kwa hiyo rangi ikizidi huchuruzika. Hapo afadhali kupuliza mara mbili kwa wepesi kuliko mara moja kwa wingi, na vishikizo viwe vipana kwa sababu matone hukimbilia palipobana.

Halafu kuna swali la udanganyifu. Kwa miaka mingi karafuu za Pemba zimevushwa usiku kwenda Kenya, hasa bei ya Mombasa inapopanda juu ya ile ya shirika, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya KMKM kujulikana sana kisiwani. Katika biashara ya namna hiyo alama ya gunia ni ushahidi, na ushahidi huchezewa. Tarakimu 3 huwa 8 kwa mpigo mmoja wa brashi, F ikawa E, P ikawa R, 1 ikawa 4. Wajerumani walikumbana na tatizo hilohilo kwenye sahani za magari. Wakamtafuta Karlgeorg Hoefer abuni herufi zisizogeuzwa kirahisi: P na R zao hazifanani kiwiliwili, na 3 ina kichwa bapa kisichofanana na 8. Zilianza kutumika katikati ya miaka ya 1990. Wasanii wa fonti huzicheka kwa ubaya wake, lakini ubaya huo umehesabiwa kwa milimita.

606 ikija kwa kasi

Gari za abiria Pemba hujulikana kwa nambari za njia. 603 ni Chake Chake na Mkoani, 606 ni Chake Chake na Wete, 602 ni Chake Chake na Konde. Nambari hukaa mbele, juu ya kioo au kwenye paji la bodi, na kazi yake ni kumfikia mtu aliyesimama pembeni mwa barabara wakati bado ana nafasi ya kuinua mkono.

Mafundi wa mabango wana kanuni ya kukadiria: kwa kila mita tatu za umbali, herufi iwe na kimo cha sentimita 2.5 hivi ili isomeke kwa raha. Nambari ya kimo cha sentimita 20 husomeka vizuri kutoka mita 24, na mwenye macho makali ataiona mbali zaidi ya hapo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hulipita eneo hilo la raha chini ya sekunde mbili. Kwa hiyo kila kinachoongeza umbali kina thamani, na kinachoongeza umbali zaidi ya ukubwa ni tofauti kati ya umbo na umbo.

Hapa 603 na 606 ni mtihani mgumu. Zinaanza sawasawa, zinatofautiana kwenye tarakimu ya mwisho tu, na tarakimu zote za 606 zina tundu. Fundi akinenepesha 6 na 0 bila hesabu, matundu husinyaa, vumbi la barabara hujaza kilichobaki, na kwa mbali huonekana madoa matatu meusi. Fundi mzuri hunenepesha kwa nje na kuacha tundu likiwa kubwa, hukiacha wazi kichwa cha 6 badala ya kukikunja kikagusa mgongo, na 3 huifungua upande wa kushoto kadiri awezavyo. Wabunifu wa fonti za kiviwanda hufanya marekebisho hayohayo kwenye skrini: pale miguu miwili nene inapokutana, kama kwenye M na W, huipunguza unene karibu na makutano ili wino usijae. Mpita njia haoni kwamba kiungo kimekondeshwa. Anaona herufi iliyo sawa.

Nambari ina faida nyingine katika kisiwa ambacho maneno yamepata kuandikwa kwa hati mbili. Mzee aliyesoma chuoni kwa herufi za Kiarabu na kijana wa skuli wanaitambua 606 bila ubishi.

Kiswahili kinaponenepa

Kiswahili ni lugha rahisi kwa mtengeneza fonti. Hakina alama juu ya herufi, tofauti na Kikuyu chenye ĩ na ũ au Kiyoruba chenye nukta na vistari, kwa hiyo fonti yoyote ya mabango iliyotengenezwa kwa Kiingereza inaweza kuandika Kiswahili siku hiyohiyo. Kizuizi pekee ni ile koma ya juu ya ng'. Mkoani ipo shehia ya Ng'ombeni, na kwenye stensili koma yake ndiyo ya kwanza kuziba kwa rangi au kusahauliwa.

Urahisi huo una gharama. Silabi nyingi za Kiswahili huishia na irabu, na A ndiyo inayojirudia kuliko zote. A kubwa ni pembetatu, T ni mwavuli, na zikikaa jirani huacha pengo. Tazama HATARI, neno linalobandikwa pamoja na fuvu kwenye transfoma za umeme: T imesimama kati ya A mbili. Herufi zikipangwa kwa vipimo sawa, pande zote mbili za T hubaki mwanya, na neno huanza kupasuka. Fundi wa mkono huisukuma T ndani mpaka mabega yake yafunike miteremko ya A. Kompyuta hufanya hivyo pia, ikiwa aliyetengeneza fonti alikumbuka jozi hizo. Wabunifu wa Ulaya hujaribu fonti zao kwa maneno ya kubuni kama Hamburgefonstiv. Kwa soko la Afrika Mashariki, jaribio kali zaidi lingekuwa TAHADHARI: A tatu, H mbili, T na D, na R kabla ya I nyembamba.

Urefu ni gharama ya pili. Kiswahili hubebesha kitenzi kimoja kazi ambayo lugha nyingine huigawa kwa maneno mengi. Kiingereza humkataza dereva kuegesha kwa herufi tisa. Kwa HAIRUHUSIWI KUEGESHA zinahitajika 19. Bango haliongezeki upana kwa sababu hiyo, kwa hiyo herufi ndizo zinazobanwa. Ndiyo maana mabango ya Kiswahili hupenda herufi ndefu, nyembamba kwa upana lakini nene kwa ufito, zinazosimama bega kwa bega. Mbano huo ukizidi, maneno yenye I, U na H hugeuka ua wa miti, na jicho hupoteza hesabu ya fito.

Ukutani fundi hahitaji kubana sana. NYUMBA HII HAIUZWI, sentensi inayosomeka kote Tanzania kwenye nyumba ambazo wenyewe wanawahofia matapeli, huandikwa kwa brashi pana, mpigo mmoja kwa kila ufito, na ukuta mzima uko wazi. Unene hapa ni upana wa brashi yenyewe. Alama fupi kuliko zote katika jamii hiyo ya maandishi ni X nyekundu inayotiwa kwenye nyumba zinazotakiwa kubomolewa kupisha barabara. X haina kazi katika tahajia ya Kiswahili, lakini kwa mwenye nyumba hakuna herufi nzito kuliko hiyo.

Muhuri na pindo

Herufi nene za haraka zimewahi kutumika pia kubadilisha dola kwenye karatasi. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliikuta posta ya Zanzibar ikiwa na akiba ya stempu zenye picha ya Sultani. Kuchapa mpya kungechukua miezi. Basi zile zilizokuwepo zikagongwa kwa mhuri wa mkono maneno JAMHURI 1964, na baadaye zikafuata zilizochapwa maneno hayohayo kiwandani London. Wakusanyaji wa stempu leo hutofautisha kazi ya mkono na ya mashine kwa kutazama mhuri ulioinama, wino uliojaa ndani ya A na R, na herufi zilizogongwa mara mbili.

Kanga nayo ni mzigo wa kiwandani unaoandikwa kwa herufi za namna hii. Jina lake huchapwa juu ya pindo la chini, ndani ya kisanduku chembamba, kwa herufi kubwa nene. Zamani liliandikwa kwa hati ya Kiarabu, kisha hati ya Kilatini ikachukua nafasi. Wino hutambaa kwenye pamba kama rangi inavyotambaa kwenye juti, na anayesoma mara nyingi yuko nyuma ya mvaaji anayetembea, kitambaa kikiwa na mikunjo. Unene huokoa neno. Kanga za Kaderdina Hajee Essak, duka lililofunguliwa Mombasa mwaka 1887, huwa na ukingoni herufi K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla pamoja na nambari ya usajili wa nakshi. Hiyo ni alama ya shehena iliyohamia kwenye vazi.

Impact yafika Chake Chake

Siku hizi sehemu kubwa ya mabango ya Chake Chake na Wete huanzia kwenye kompyuta. Mteja huja na maneno kwenye simu, fundi hufungua programu, na mara nyingi mkono huenda moja kwa moja kwenye Impact. Fonti hiyo ilibuniwa na Geoffrey Lee mwaka 1965 kwa kampuni ya Stephenson Blake ya Sheffield, na tangu miaka ya 1990 Microsoft imeisambaza bure kwenye kompyuta za dunia nzima. Ina kila kitu ambacho tangazo la Kiswahili linaomba: imebanwa, ni nene, herufi zake ndogo zina kimo karibu sawa na kubwa. HAIRUHUSIWI inaenea. Bango huchapwa kwenye plastiki, hutiwa vitundu vya chuma pembeni, na jioni linaning'inia.

Plastiki ina maadui wawili Pemba, jua na upepo wa chumvi. Wino wa rangi nyekundu hupauka mwanzo, kisha kingo huanza kuchanika kwenye vitundu. Rangi ya mafuta iliyopakwa na brashi juu ya bodi ya gari au ubavu wa mashua hudumu zaidi, na ikichakaa hufuatishwa tena juu ya alama zake. Kwa hiyo kazi imegawanyika. Kinachotangaza sherehe, mkutano au duka jipya huchapwa. Kinachotakiwa kukaa, kama nambari ya njia, jina la chombo au alama ya pipa, hurudi kwa fundi wa rangi.

Fundi naye hajakataa kompyuta. Njia inayowafaa wengi ni kuchapa neno kwa ukubwa kamili kwenye karatasi, kulibandika juu ya plastiki ngumu, na kulikata kwa wembe liwe stensili. Hapo Impact hugonga mwamba. Matundu ya A na R zake ni membamba mno kiasi kwamba kishikizo cha upana wa kutosha hulijaza tundu lote, na kilicho chembamba hukatika mara ya tatu rangi inapopulizwa. Basi fundi huacha fonti palipoishia uwezo wake: hulipanua tundu kwa wembe, huukata mguu wa R katikati, huipasua A kutoka kileleni hadi chini, na D huigawa vipande viwili vyenye mwanya juu na chini. Neno linalotoka upande wa pili wa stensili halifanani tena na lile lililokuwa kwenye skrini. Limekaribia zaidi ile sura ambayo Powell na Middleton waliiona kwenye masanduku na kuichapa mwaka 1937.